Mgeni wa Kujitolea na Kijiji Kinachompokea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenyeviti wa vijiji, watendaji, wajumbe wa kamati za huduma za jamii na wakazi wa kata)



Kila mara kijiji kinapopata habari kwamba kitaletewa mfanyakazi wa kujitolea kutoka nje ya nchi, maswali yanayoulizwa mkutanoni ni yale yale. Atakuja na nini? Atachimba kisima? Atajenga darasa? Ana mfadhili? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: ataishi vipi? Nani atamwonyesha njia ya kwenda kuteka maji, amfundishe salamu za wazee, amwambie siku ya gulio? Mazungumzo ya leo yanahusu maswali haya ya pili, kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayoamua kama yale ya kwanza yatakuwa na maana yoyote. Mgeni asiyekizoea kijiji hawezi kukifaa, hata awe na elimu kiasi gani. Na mzigo wa kuzoea una ncha mbili: mgeni hushika moja, mwenyeji hushika ya pili.

Desturi yenye umri

Ujio wa watu wa kujitolea nchini si jambo la jana. Shirika la VSO la Uingereza lilianzishwa mwaka 1958. Tarehe 1 Machi 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia saini amri ya kuanzisha Peace Corps, na Tanganyika, pamoja na Ghana, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Kundi lililokuja Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walioombwa wasaidie katika kazi ya barabara. Walifundishwa kwanza huko El Paso, Texas, Kiswahili kikiwa sehemu ya masomo yao, nao wakawasili mwaka huo huo kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa tarehe 9 Desemba. Peace Corps iliondoka nchini mwaka 1969 na kurejea mwaka 1979. Japani ilianzisha mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka 1965, na Umoja wa Mataifa ukaanzisha wake mwaka 1970. Kwa hiyo mgeni wa kujitolea si lazima awe mzungu. Anaweza kuwa Mjapani au Mkenya. Na wapo Watanzania waliotumwa kujitolea katika nchi za watu, wakiwa wageni huko kama wengine walivyo wageni hapa.

Katika miaka yote hiyo jambo moja limedumu katika taratibu za mashirika makini: lugha na maisha hutangulia kazi. Peace Corps humtuma mtu kwa miezi 27. Takriban miezi 3 ya mwanzo ni ya mafunzo, na katika kipindi hicho mgeni huwekwa katika nyumba ya familia ya wenyeji, akila wanachokula na kuamka wanapoamka. Miezi 24 inayobaki ndiyo ya kazi. Ikiwa shirika zima linakubali kutumia miezi mitatu ili mtu mzima afundishwe kusalimia, kuwasha mkaa na kufua kwa mikono, basi kijiji nacho kisimdai matunda katika wiki ya pili.

Jembe hutolewa na mwenyeji

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumhimiza mgeni asibweteke. Lakini ndani yake mna neno jingine ambalo aghalabu halisikilizwi: jembe hutolewa na mwenyeji. Mgeni hakuja nalo, wala hakujichagulia shamba. Mwenyeji ndiye anayejua shamba liko wapi, mvua huanza lini, na mbegu ipi inastahimili udongo ule. Kijiji kinachomwacha mgeni ajitafutie jembe na shamba lake hakina haki ya kulalamika akilima pasipostahili.

Jembe la kwanza ni lugha. Katika nchi nyingi mtu humpita mwenzake njiani kwa neno moja, au kwa kutikisa kichwa tu, na hakuna anayeona vibaya. Kijijini, anayempita mzee bila shikamoo amekwisha kujitangaza kuwa hana adabu, ingawa huenda alikuwa akiwahi kazini. Mgeni hajui kwamba habari za asubuhi hufuatwa na habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Wala hajui kwamba jibu huwa ni “nzuri” hata pale ambapo habari mbaya inakuja nyuma yake. Hajui kupiga hodi na kusubiri. Hata saa humchanganya. Aliyeambiwa kuwa kikao ni saa tatu, naye kwao huanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane, anaweza kufika saa tisa alasiri, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, kisha kila upande ukauona mwingine hauaminiki. Jambo hili huondoka kwa maelezo ya dakika moja, iwapo yupo mtu aliyepewa kazi ya kuyatoa.

Aidha, Kiswahili alichofundishwa darasani hakitoshi. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120, na katika vijiji vingi mazungumzo ya kisimani na ya shambani huendeshwa kwa lugha ya nyumbani. Mgeni anayesema “kamwene” kwa Wahehe na Wabena, “mwangaluka” kwa Wasukuma au “ugonile” kwa Wanyakyusa hajapata lugha, amepata mlango. Watu watacheka, na kicheko hicho ni karibu. Bibi mmoja anayemrekebisha matamshi kila asubuhi humsaidia kuliko kitabu kizima cha sarufi.

Nyumba, maji na jirani

Nyumba ya mgeni ni jambo la huduma, si la hisani tu. Inahitaji mlango wenye komeo na kufuli, paa lisilovuja, choo kilicho salama, na jirani wa karibu anayesikia mtu akiita. Mgeni mwanamke, hasa, asiwekwe katika nyumba ya pembeni kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa wazi. Usalama wake ni dhamana ya kitongoji, na lawama ya kumtokea mabaya haitamwangukia mtu mmoja.

Maji humfundisha mgeni kijiji kuliko jambo jingine lolote. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe, na mtu aliyezoea kufungua bomba jikoni huitambua siku moja tu anapoitua. Hapo huanza kuelewa kwa nini mama aliyealikwa kwenye semina ya saa mbili asubuhi alifika saa nne, na kwa nini mtoto wa kike husinzia darasani. Kwa hiyo si vizuri kumtekea maji kila siku kana kwamba ni mgonjwa. Aonyeshwe njia, asaidiwe mpaka azoee, kisha aachwe apange foleni na wenzake. Pale ndipo atakapoyasikia mambo ya kijiji.

Yapo pia mambo ya mgeni ambayo mwenyeji anapaswa kuyaelewa. Akichemsha maji ya kunywa, au akikataa kwa upole kikombe cha maji aliyokaribishwa, hamdharau mtu. Tumbo lake halijayazoea, na ameagizwa hivyo. Akilala ndani ya chandarua kila usiku bila kukosa, na akimeza dawa ya kujikinga na malaria, ni kwa sababu mwili wake haukukua pamoja na ugonjwa huo. Baadhi ya mashirika huwakataza watu wao kupanda bodaboda. Mgeni anayetembea kwa miguu huku pikipiki zikimpita hana ubahili wala maringo.

Lipo na jambo gumu zaidi, nalo ni upweke. Watu hushangaa wakisikia kwamba mgeni ni mpweke, ilhali watoto wanamzunguka tangu alfajiri na kila anayepita anamwita. Lakini kutazamwa si kuzoewa. Hali kadhalika, desturi hugongana. Kijijini, mtu anayejifungia ndani mchana kutwa ama ni mgonjwa ama amekasirika, na wema ni kwenda kuketi naye. Kwa jamii nyingine, kumwacha mtu peke yake ndiyo heshima yenyewe. Hivyo mgeni aliyefunga mlango ili asome kitabu Jumapili huonwa kuwa amewasusa wenzake, na majirani waliokuja kumtazama huonekana kwake kuwa hawamwachi apumzike. Hakuna aliyekosa. Inatosha jirani mmoja amwambie: ukitaka kupumzika, sema unapumzika, watu wataelewa, lakini kukiwa na msiba, usibaki ndani.

Msiba ndio mtihani. Mgeni anayefika penye kilio, akaketi mkekani au kwenye benchi bila kusema mengi, akatoa rambirambi kidogo kama wengine, kisha akasaidia kubeba maji au kuni, huwa amevuka mto. Kuanzia siku hiyo watu humtaja kwa jina lake.

Kuomba na kuahidi

Chanzo kikubwa cha manung’uniko ni fedha. Mtu wa kujitolea, kwa kawaida, hulipwa posho ya kujikimu tu. Mfuko wa mradi si wake. Hata hivyo, kwa kuwa ametoka mbali kwa ndege na ana simu nzuri, hudhaniwa kuwa ana hazina. Anaombwa ada, nauli, mbolea, mtaji. Asipotoa, huitwa mchoyo. Akitoa mara moja, hawezi tena kusimama.

Hapa lugha nayo huongeza utata. Katika Kiswahili, “naomba” ni neno la adabu: naomba chumvi, naomba njia, naomba kuuliza. Mgeni anayelitafsiri kwa lugha yake huona ameombwa kutwa nzima, kumbe mara nyingi ameheshimiwa. Vivyo hivyo, “nitakuja kesho” huweza kuwa njia ya kumwaga mtu bila kumvunja moyo. Mgeni akaisikia kama ahadi, akaweka viti, akangoja. Naye mgeni akisema “nitajaribu kutafuta”, akimaanisha ataandika barua moja, kijiji husikia kwamba bati limekwisha kupatikana. Neno dogo lililosemwa kwa upole limevunja imani katika miradi mingi.

Dawa yake ni uwazi wa tangu siku ya kwanza. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu hufanyika angalau kila miezi mitatu, ndio mahali pa kueleza mbele ya wote: huyu amekuja kufanya kazi gani, kwa muda gani, ametumwa na nani, na hana nini. Mwenyekiti akisema hadharani kwamba mgeni hana fedha za kugawa, amempunguzia mgeni mzigo wa kukataa nyumba hadi nyumba.

Kazi isiyo na mwenyewe

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote, takriban 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Hilo halikuwahi kutokea tangu shirika hilo lianzishwe. Watu waliopanga kukaa miaka miwili walifungasha ndani ya siku chache. Tukio hilo linafundisha jambo ambalo kila kijiji kinapaswa kulizingatia: mgeni wa kujitolea huondoka. Ikiwa si kwa dharura, basi ni kwa kalenda. Darasa linalomtegemea yeye peke yake litabaki bila mwalimu. Kikundi ambacho yeye ndiye anayeshika daftari lake kitabaki bila hesabu.

Kwa sababu hiyo, swali la kuzoea kijiji na swali la kazi ni swali moja. Mgeni aliyekaa miezi mitatu akisikiliza hujua kwamba fundi wa kuaminika ni fulani, kwamba kikundi fulani kilivunjika kwa ugomvi wa fedha, na kwamba bonde lile hujaa maji kila masika. Asiyejua hayo huweza kujenga tangi mahali ambapo akina mama hawapiti, au kupanda miche katika njia ya ng’ombe. Tena hushangaa kuona watu wanakubali mkutanoni kisha hawatokei kazini. Walikubali kwa heshima. Maoni yao walikuwa nayo moyoni, na hakuna aliyewauliza nje ya mkutano.

Tazama mfano wa maji. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini husimamiwa na RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndivyo vinavyoendesha miradi, kukusanya malipo na kufanya matengenezo. Mgeni mwenye nia njema anayepata pampu kwa marafiki zake, akaifunga bila kukishirikisha chombo hicho, ametoa pampu isiyo na mwenyewe. Siku mpira wake utakapokatika, hakuna mfuko wa kununua mwingine wala fundi aliyepewa dhamana. Lakini akianza kwa kuketi na kamati, akawasaidia kuweka kumbukumbu za mapato na kumfundisha kijana wa hapa hapa kufungua na kufunga pampu, amefanya kazi ndogo inayodumu.

Ndivyo ilivyo kwa jiko banifu, ambalo lina faida pale tu fundi wa kijiji anapojua uwiano wa udongo na anaweza kulitengeneza upya likipasuka. Ndivyo ilivyo pia kwa bustani ya mfano. Iwe katika eneo la shule, la zahanati au la mwanakikundi, kwa kuwa sheria za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na ndivyo ilivyo kwa somo la sayansi: mwalimu mwenyeji akae darasani pamoja na mgeni, asione kwamba amepata likizo.

Yanayopaswa kuandaliwa

Kijiji kinachotarajia mgeni wa namna hii kinashauriwa kukamilisha mambo yafuatayo mapema.

Kwanza, kijue nani anamtuma. Mgeni halali huja kwa barua, hupitia ofisi ya Halmashauri ya Wilaya, na huwa na kibali cha ukaazi cha daraja linalohusu watu wa kujitolea. Mtendaji wa kijiji aombe kuona nyaraka hizo bila kuona haya. Hili ni muhimu zaidi mgeni anapotaka kufanya kazi na watoto. Watoto wanaolelewa vituoni huumia wanapozoeana na watu wanaokuja kwa wiki mbili na kutoweka, na si kila ajaye ana nia safi. Mgeni asiachwe peke yake na watoto wasio wake, hata awe mchangamfu namna gani.

Pili, ateuliwe mwenyeji wa kazi: mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mwanakikundi, atakayefanya kila jambo pamoja naye na kubaki nalo. Uteuzi huu ufanyike kabla mgeni hajafika, na jina liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Tatu, iteuliwe familia ya kumlea. Kazi yake si kumtumikia, bali ni kumwambia ukweli: nguo hii haifai kwa kilio, mzee yule aitwe babu, usipite njia ile usiku.

Nne, ijulikane njia ya malalamiko. Mgeni mwenye shida, au mwananchi mwenye shida na mgeni, aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata na Afisa Maendeleo ya Jamii. Jambo la jinai lipelekwe polisi moja kwa moja, wala lisimalizwe kwa mazungumzo ya kando.

Tano, siku ya kuondoka iwekwe kwenye kalenda tangu siku ya kupokea. Miezi sita kabla ya siku hiyo, mgeni aanze kukaa nyuma na mwenyeji wa kazi akae mbele. Makabidhiano yafanyike katika mkutano mkuu, na vitu vihesabiwe mbele ya watu.

Ndugu wakazi wa kata, watu hupenda kukipima kipindi cha mgeni kwa sherehe ya kumwaga: ngoma zilizopigwa, vitenge alivyovalishwa, machozi yaliyotoka. Hayo ni mazuri, na yafanyike. Lakini kipimo chenye kuaminika huja wiki inayofuata, gari likiwa limekwisha kuondoka. Mtu aende kwenye bustani, kwenye stoo ya kikundi, kwenye maabara ya shule, aulize swali moja tu: ufunguo uko kwa nani? Ikiwa mwenye ufunguo anajulikana, anafungua, na daftari lililomo ndani limeandikwa kwa mkono wake, basi mgeni alikaa kijijini. Ikiwa watu watatazamana, basi alipita tu.